Usipigane na weupe wa Wat Arun

Swali: Shikamoo mwalimu. Mimi ni mpigapicha wa harusi hapa Tanga, mwaka wa nne sasa. Mteja wangu mmoja, mama anayefuata nguo za jumla Bangkok, anataka tufuatane Desemba nikampige picha yeye na binti yake kwenye hekalu la Wat Arun. Mwaka jana walipigwa hapohapo na mpigapicha wa kukodi. Hekalu lilitoka zuri kama kadi ya posta, ila nyuso zao zilitoka nyeusi tii, hata pua huioni. Mama huvaa baibui, binti anataka kukodi nguo za Kithai. Nina lenzi ya 24–70 na ya 50. Nifike saa ngapi, kamera niiwekeje, na mambo gani ya dini ya watu nisije nikayavunja?

Marahaba mwanangu. Picha hizo za mwaka jana sijaziona, lakini nazijua, kwa sababu nami nimewahi kuzipiga. Mara yangu ya kwanza Wat Arun nilikuwa na shemeji yangu aliyekwenda kusaka magauni Pratunam, soko la nguo la Bangkok. Nilirudi hotelini na picha zaidi ya mia mbili, mnara umenyooka, kila ua la kigae linahesabika, na shemeji amesimama mbele yake kama mtu aliyekatwa kwa mkasi kutoka karatasi nyeusi. Alizitazama zote bila kusema neno, kisha akaniambia, "Mnara umeupendezesha."

Kwa hiyo tuanze na huo mnara. Wathai huuita prang. Ulijengwa katika karne ya 19, kazi ikaanza enzi za mfalme Rama wa Pili na kumalizika enzi za Rama wa Tatu, ukafika urefu wa mita 80 hivi. Mwili mzima umevishwa vipande vya kaure kutoka China, sahani na vikombe vilivyovunjika, pamoja na kombe za baharini, vikapangwa kuwa maua na majani juu ya lipu nyeupe. Inasemekana sehemu ya kaure hiyo ilikuja kama farumi, ule uzito wa kutuliza merikebu isiyumbe. Wewe mtu wa Tanga hili lisikushangaze. Pale Tongoni, kwenye makaburi yenye nguzo, wazee wetu nao walipachika vyombo vya kaure ya China kwenye chokaa, na mashimo ya vyombo vilivyong'olewa bado yapo. Tofauti ni kwamba Tongoni imepauka kwa umri, na Wat Arun imefanyiwa ukarabati mkubwa uliokamilika mwaka 2017, ikatoka nyeupe kiasi kwamba Wathai wenyewe wapo walionung'unika kuwa imepakwa weupe kupita kiasi.

Weupe huo ndio uliowaangusha mteja wako na mpigapicha wake. Kigae cheupe kinachong'aa hurudisha karibu sehemu nne kati ya tano za mwanga unaokiangukia. Ngozi nyeusi kama yangu hurudisha kama sehemu moja kati ya kumi. Kwa hesabu ya kamera hizo ni stopu tatu za tofauti, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Mita ya kamera haijui mtu wala mnara, inachotaka ni wastani wa kijivu. Ikiona fremu imejaa weupe inapunguza mwanga mpaka weupe ukaribie kijivu, na mtu aliyesimama mbele yake anazama chini ya kisima. Mpigapicha yule huenda hakukosea chochote kwa mujibu wa mashine yake. Aliiachia mashine iamue nani ni muhimu, ikachagua mnara.

Wengi wakishaelewa hapo hukimbilia flashi. Mimi nakwambia iache flashi hotelini. Flashi ya usoni mwa kamera hutandika mwanga bapa: paji la uso linang'aa kama sufuria, mashavu yanabaki palepale, na kigae cha nyuma nacho kinapigwa na kurudisha nukta za mwanga. Ngozi nyeusi haionekani vizuri kwa kumwagiwa mwanga mwingi. Inaonekana kwa mng'ao: ule mstari laini unaopita kwenye mfupa wa shavu, juu ya pua, pembeni mwa taya. Mng'ao mzuri hutokana na kitu kikubwa, cheupe na kilicho karibu, ambacho mwanga wake unamfikia mtu kwa ubavu. Studio tunalipia vitambaa na rifrekta, zile mbao za kurudisha mwanga, ili tukipate. Pale umesimamishiwa kimoja cha mita 80, bure.

Basi mnara usiwe pazia la nyuma, uufanye taa. Ukipanda ngazi za chini utakuta prang kuu imezungukwa na nne ndogo, moja kila pembe, na kati yake kuna njia za kupita watu. Asubuhi jua linatoka upande wa mto Chao Phraya, ulio mbele ya hekalu, kwa hiyo uso wa prang kuu unaotazama mto unawaka, na migongo ya zile ndogo iko kivulini. Mweke mama autazame ukuta unaowaka, mgongo wake kwenye prang ndogo iliyo kivulini. Wewe simama upande wa ukuta unaowaka, karibu nao, bila kumkinga. Uso wake utapokea mwanga uliopigwa na maelfu ya vigae na kulainika. Nyuma yake utapata maua yaleyale ya kaure, ila yametulia, hayashindani naye. Ile tofauti ya stopu tatu itakuwa imeshuka mpaka moja au chini yake, na hujagusa kitufe bado. Halafu mwambie ageuze uso polepole kulia, polepole kushoto, nawe tazama shavu lake tu. Utaiona sehemu ambapo mng'ao unakaa. Hapo ndipo pa kupigia.

Alasiri mambo yanageuka. Jua likishavuka nyuma ya mnara, upande wote wa mto unakuwa kivuli cha wazi: jua halipo, lakini mbingu yote ya mashariki na maji ya mto Chao Phraya vinakumulikia kutoka mbele. Hapo mtu akisimama akitazama mto, yeye na vigae vya nyuma yake wako kwenye mwanga mmoja. Weupe bado utakuwa mweupe kuliko yeye, lakini si wa kuumiza macho, na fremu ya mbali kidogo yenye ngazi na majitu ya mawe yaliyobeba mnara mabegani inawezekana. Saa hii naipenda kuliko asubuhi kwa picha za watu wawili, kwa sababu mwanga ni sawa kwa wote na hakuna anayekunja uso.

Kuhusu saa hasa. Wat Arun ni hekalu la alfajiri, limepewa jina la Aruna, mungu wa mapambazuko wa Kihindu, na geti lake hufunguliwa saa mbili asubuhi, alfajiri ikiwa imeshasahaulika. Usisikitike. Desemba Bangkok jua linachomoza karibu na saa kumi na mbili na nusu, kwa hiyo saa mbili bado liko chini na ni laini. Uwe getini kabla halijafunguliwa, maana ikifika saa tatu na nusu ngazi zimejaa mabinti wa nguo za kukodi, kila mmoja na mpigapicha wake. Faida nyingine ya mwezi uliouchagua ni kwamba hata saa sita mchana jua la huko halipandi zaidi ya nyuzi 55, limelala kusini. Kwetu Tanga mwezi huohuo linafika nyuzi 72 na kumchimbia mtu mashimo ya macho. Hekalu linafungwa saa kumi na mbili jioni, na jua linazama dakika chache kabla ya hapo.

(Kwa kuwa tunataja saa: Wathai nao wana hesabu ya zamani ya saa inayofanana na yetu. Saa mbili usiku kwao ni song thum, yaani mbili ya usiku. Dereva wa tuk-tuk aliponitajia "mbili" nilidhani kajifunza Kiswahili.)

Kati ya saa tano na saa tisa mpumzishe mteja. Kwa mama wa baibui ninayo habari njema: Thonburi, upande huohuo wa mto, ina Waislamu wa tangu zamani. Msikiti wa Ton Son, ulio kando ya mfereji wa Bangkok Yai, una asili ya enzi za Ayutthaya, kabla Bangkok haijawa mji mkuu, na ng'ambo ya mfereji kuna Bang Luang, msikiti mweupe ambao ukiuona kwa mbali utadhani ni hekalu, kwa jinsi ulivyojengwa Kithai. Hauko mbali na Wat Arun. Atapata pa kuswali adhuhuri na eneo la kuulizia chakula halali. Kama ana wasiwasi juu ya kupiga picha penye masanamu, hilo akamuulize sheikh wake kabla ya safari, si mpigapicha.

Sasa kamera. Weka kwa mkono, usiiachie iamue. Pima mwanga kwa nukta moja, shavuni, upande wenye mwanga. Mita itakwambia uifanye ngozi hiyo iwe kijivu cha wastani, na ukiitii mama atatoka amepauka kama aliyepakwa unga. Shusha theluthi mbili za stopu, au stopu nzima kama ngozi ni nyeusi zaidi, kisha funga hapo na uache kugusa. Kwa mtu mmoja tumia lenzi ya 50 na uwazi wake kwenye f/2.8. Kwa wawili nenda f/4, na asimame mmoja sambamba na mwenzake, la sivyo mama atakuwa wazi na binti ukungu. Spidi isiwe chini ya 1/250, kwa sababu pale watu hucheka sana. Lenzi ya 24–70 itumie mwisho wake wa 70. Huo mwisho wa 24 unavutia, kwa vile unaingiza mnara mzima, lakini mnara unalala kinyumenyume na mtu aliye pembeni anarefuka kichwa. Picha ya mtu haihitaji mita 80 za mnara. Robo ya ua la kaure nyuma ya bega inatosha kumwambia mtazamaji wako wapi.

Rangi ya mwanga nayo usiiachie mashine. Kivuli cha wazi kina buluu, na buluu kwenye ngozi yetu huonekana kama majivu. Weka mwenyewe kati ya kelvini 6000 na 6500, utaona wekundu wa ndani wa ngozi unarudi. Kwenye bustani angalia chini ya kidevu: majani mabichi hurusha kijani, na kijani hicho kukitoa baadaye ni kazi ya usiku kucha. Piga faili ghafi (RAW), siyo jpeg peke yake.

Akitaka na za simu, gusa uso kwenye kioo ukaushikilie mpaka ujifunge, kisha telezesha kile kijua chini kidogo. Zima urembo wa simu, ule unaomng'arisha mtu uso. Nitalirudia hilo.

Baibui jeusi mbele ya weupe ule ni mtihani, lakini si wa kumvua mtu vazi lake. Kitambaa cheusi kinameza mwanga ambao ungepanda kwenye kidevu. Dawa yake ni mtandio. Mwambie abebe wa rangi ya mchanga, au waridi iliyofifia, au ya mdalasini. Ukizunguka uso, huo mtandio ni rifrekta ndogo iliyofungwa mahali pake. Mweupe kabisa usimruhusu, utaungua kabla ya vigae. Kitenge chenye maua mengi nacho kitagombana na maua ya mnara. Vazi la rangi moja iliyokolea, kama zambarau ya damu ya mzee au kijani cha mwembe, ndilo linalosimama.

Binti atakodishiwa sabai, kile kitambaa kinachopita begani kama anayejitanda khanga upande mmoja, na chini ama sketi ya kukunja ama chong kraben, inayopitishwa katikati ya miguu na kuchomekwa nyuma kama suruali. Mshauri chong kraben. Ngazi za prang zina mwinuko mkali, na kushuka ndiko kwenye kazi, mara mia kuliko kupanda. Mama naye akishuka awe na mkono mmoja kwenye reli na mwingine umeshika upindo wa baibui, nawe kamera iwe shingoni, usipige mtu aliye katikati ya ngazi. Sabai huacha bega moja wazi, na kwa sababu ni vazi lao la heshima haina shida pale. Bega wazi la blauzi ya kawaida ni jambo jingine: mabega na magoti yafunikwe, wewe pia.

Hapa nikae kidogo, maana ndipo watu wanapojiaibisha. Wat Arun si magofu wala si bustani ya picha. Kuna watawa wanaoishi pale, na kuna watu wanaokuja kuomba. Mnara wenyewe, pamoja na majitu na nyani wanaoubeba, ni wa kupigia picha bila wasiwasi, ilimradi usiwapandie wala kuegemea vigae. Yale majitu mawili yanayolinda lango la ukumbi wa ibada, moja jeupe na moja la kijani, ni marafiki wa kila mpigapicha. Huyo wa kijani ni Thotsakan, mfalme wa mazimwi katika utenzi wao wa Ramakien. Lakini ukishavuka lango hilo umeingia kwengine. Uani kuna Buddha 120 waliopangwa kuzunguka ukumbi, na ndani kuna sanamu kuu ambayo chini yake yamehifadhiwa majivu ya Rama wa Pili. Huko hatuvai viatu ndani, hatukai tumenyoosha miguu kuelekea sanamu, na kwa maoni yangu hatupigi picha za pozi hata kama hakuna anayekukemea. Mteja kumpa Buddha mgongo na kutabasamu kwenye kamera ni sawa na mgeni kusimama juu ya mimbari ya msikiti wenu na kutoa ulimi.

Sikutishi bure. Novemba 2017 Wamarekani wawili walijipiga picha hapohapo Wat Arun wakiwa wameshusha kaptula, wakaiweka mtandaoni, wakakamatwa na kutozwa faini. Sri Lanka ni wakali zaidi: mwaka 2012 watalii watatu wa Kifaransa walihukumiwa kifungo cha nje kwa picha za kubusu sanamu ya Buddha, na habari zao zilianzia kwa fundi wa kusafisha picha aliyeziona. Wewe hutafanya hayo. Unachoweza kufanya bila kujua ni kumtumia anayeomba kama mapambo ya nyuma. Ukimwona mtu amefumba mikono na kuinama, geuza kamera. Mtawa akipita katikati ya fremu yako, msubiri. Ukitaka kumpiga, muulize kwa ishara, na binti asimkaribie mpaka kumgusa, kwa sababu mtawa wao hagusani na mwanamke, hata kwa bahati mbaya kwenye ngazi.

Jambo la sheria ni moja, na usilipuuze. Mgeni haruhusiwi kufanya kazi ya malipo Thailand bila kibali cha kazi. Kama mama anakulipa kama mpigapicha wake, uliza mapema ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi na utaje ukweli wa safari. Njia nyepesi ni kumkodi mmoja wa wapigapicha wa hapo kwa saa mbili, yeye ashike kamera, wewe uwe mtu wa familia anayemwonyesha pa kusimama. Wana macho mazuri wale, ila wamezoea ngozi nyingine na mwanga mwingine. Mwonyeshe ukuta unaowaka na shavu, ataelewa bila lugha. Stendi na miavuli ya studio usifungue bila kuuliza ofisi ya hekalu, na droni usiifikirie, eneo zima liko jirani na kasri la mfalme.

Mama atataka mnara mzima, najua. Mnunulie kwa baht chache: pandeni kivuko mrudi ng'ambo, gati la Tha Tien, kabla ya magharibi. Kutoka huko jua linazama nyuma ya prang na umbo lake lote linakuwa jeusi kwenye anga la machungwa. Sasa umbo jeusi ni la mnara, na mwanga ni wa mama, ukimshikia taa ndogo ya betri pembeni, mkono mmoja kutoka usoni. Taa za hekalu zikishawaka, nenda f/2, ISO 1600, spidi 1/125, na umwambie asimame kama anayesubiri mtu. Akikuuliza ni mnara gani huo, mpe sarafu ya zamani ya baht 10 aigeuze nyuma.

Ukirudi nyumbani na kufungua kompyuta, usimpake mama mkorogo. Ukiona picha imekaa giza, inua vivuli kidogo, gusa mashavu, basi. Kigezo chako kiwe mkono wa mtu yuleyule kwenye picha yenyewe: uso ukishakuwa mweupe kuliko mkono, umezidisha, rudi nyuma.

Na usisubiri Desemba. Tafuta ukuta wowote uliopakwa chokaa unaopigwa na jua la saa mbili asubuhi, Tanga imejaa kuta hizo. Msimamishe mdogo wako mita mbili kutoka hapo akiutazama, mgongo wake kivulini, funika shati lake kwa kitambaa cheusi, na umgeuze polepole mpaka uone mng'ao umekaa. Nitumie picha tatu, zile zilizoharibika. Zilizotoka vizuri kaa nazo.